Uimara wa tangi la plastiki huanzia kwenye usanifu, si kwenye unene

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kifaa ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukitazama, ingawa wanakikalia kila siku: tangi la mafuta la plastiki. Imeenea katika gereji zetu, na hata miongoni mwa watu waliosoma, imani kwamba tangi la plastiki ni njia ya viwanda kubana gharama, kwamba ni dhaifu kuliko la bati, na kwamba likivuja mara ya kwanza mwenye gari afanye haraka kulibandika au kulitupa na kuchongewa la chuma kwa fundi bati. Nimeishi na kazi ya uhandisi wa mitambo kwa muda mrefu wa kutosha kuyaona madhara ya imani hiyo, nami naandika kuipinga. Uimara wa tangi la plastiki umo katika jinsi lilivyosanifiwa, yaani umbo lake, mishono yake, tabaka zake na mahali lilipofungwa chini ya gari. Anayeagiza, anayekagua na anayetengeneza gari asiyeyajua hayo anacheza na kifaa cha usalama kilicho na uzito sawa na breki.

Nianze na sababu za plastiki kuingia hapo. Volkswagen ilikuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza kuweka tangi la plastiki katika gari la kuuzwa kwa wingi, nalo lilikuwa Passat ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu wakati huo matangi ya aina hiyo yamekuwa ya kawaida katika magari madogo ya Ulaya na Marekani, na sasa yamo katika magari mengi yatokayo Japani, ambayo ndiyo yanayojaza barabara za Tanzania, Kenya na Uganda. Plastiki inayotumika ni polietilini ya msongamano mkubwa, ya ukoo mmoja na ile ya madumu ya njano tunayochotea maji, lakini minyororo ya molekuli zake ni mirefu zaidi na kwa hiyo haichaniki kwa urahisi. Haishiki kutu, jambo ambalo mtu yeyote wa Tanga au Mombasa anayejua chumvi ya pwani inavyolila bati atalithamini. Ni nyepesi kuliko chuma. Ikiburuzwa juu ya lami haitoi cheche. Na katika mgongano, tangi la bati hukunjamana hadi mshono wake ukafumuka, ilhali la polietilini hubonyea, hunyumbuka na mara nyingi hurudi karibu na umbo lake bila kumwaga tone.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni umbo. Bati hukunjwa na kushindiliwa kwa mipaka, lakini plastiki hupulizwa ndani ya kalibu (chombo cha chuma cha kuipa umbo) na kufuata kila mkunjo wa sakafu ya gari, ikipita juu ya shafti na pembeni mwa bomba la eksosi. Hivyo msanifu anaweza kulisogeza tangi zima mbele ya ekseli ya nyuma, katikati ya magurudumu, mahali ambapo gari likigongwa nyuma huwa panaumia mwisho. Nitarudi kwenye hoja hiyo kwa sababu historia yake ina vifo.

Upulizaji huo huo unaoleta faida ndio unaozaa udhaifu. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa ishuke kama bomba pana, laini na la moto. Nusu mbili za kalibu hulifumbata, hewa hupulizwa ndani, na bomba hilo hutanuka hadi likajibandika kwenye kuta za kalibu. Mahali ambapo plastiki imevutwa mbali zaidi, hasa kwenye pembe zenye ncha, ukuta huwa mwembamba. Tangi lenye ukuta wa milimita 5 au 6 kwa wastani linaweza kubaki na milimita 3 hivi kwenye kona. Mahali ambapo nusu mbili za kalibu zimebana plastiki hubaki mshono, na mshono huo ndio unaopasuka kwanza tangi linapopigwa au linapochoka. Sehemu ya tatu dhaifu ni matundu yanayotobolewa baadaye ili kuunganishia vali, mabomba na mdomo wa pampu, kwa kuwa kila tundu hukata ukuta uliokuwa mzima na kudai kiungo kipya. Mtu anayetaka tangi imara aanze kutazama sehemu hizo tatu kabla ya kuuliza lina unene gani.

Wasanifu wamezijibu vizuri. Pembe huviringwa ili plastiki isivutwe kupita kiasi. Mwanya ambamo plastiki ya moto hutokea hupanuliwa na kubanwa wakati bomba linaposhuka, ili sehemu itakayovutwa zaidi ipewe plastiki nyingi zaidi tangu mwanzo. Mshono hupangwa upite mahali palipo mbali na mawe na mbali na njia ya mgongano. Na katika mbinu za miaka ya karibuni, tangi hufanywa kwa vipande viwili vinavyowekwa katika kalibu vikiwa bado vya moto, ili vali na mabomba yafungwe kwa ndani kabla ya vipande kuunganishwa, na matundu ya nje yapungue. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo linaloonekana kwa macho ya mnunuzi aliyeinama chini ya gari, na ndiyo maana tangi bandia linaweza kufanana kabisa na lile la asili.

Mara nyingi nimeulizwa: kwa nini basi wasiongeze tu unene? Hesabu yake ni rahisi kueleza. Ukuta bapa ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake wa kupinga kupindika huongezeka mara nane, na hilo linavutia sana. Lakini uzito nao huongezeka mara mbili, na muda wa kuupoza ukuta ndani ya kalibu huongezeka karibu mara nne, kwa sababu muda huo hufuata mraba wa unene. Plastiki isiyopoa sawasawa hujikunja na kubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo pamoja na petroli ndivyo vinavyofungua nyufa ndogondogo miaka michache baadaye. Kwa hiyo msanifu mzuri hufuata njia nyingine: hutia mbavu kwenye kuta pana, huukunja uso bapa uwe na mgongo, au huleta sakafu na dari ya tangi zikagusana na kushikana katika sehemu chache ili zisitengane shinikizo linapopanda.

Shinikizo hilo si dogo. Katika magari ya mseto (yenye injini ya petroli na mota ya umeme) yanayochajiwa kwa kuchomekwa kwenye umeme, injini hukaa kimya muda mrefu na haipati nafasi ya kuvuta mvuke wa petroli na kuuchoma, kwa hiyo tangi hufungwa kabisa na mvuke huachwa ujijenge ndani, kiasi cha kilopaskali 30 hadi 40. Chukua uso bapa wa nusu mita kwa nusu mita na shinikizo la kilopaskali 35: nguvu inayousukuma nje inakaribia uzito wa kilo 900. Ndiyo sababu magari mengi ya aina hiyo yalirudi kwenye chuma, na ndiyo sababu viwanda vya matangi sasa vinashindana kutia nguzo za ndani zinazoshika dari na sakafu, au kuimarisha kuta kwa vitambaa vya nyuzi za kioo. Magari hayo yameanza kufika kwetu yakiwa yametumika. Fundi atakayefungua mfuniko wa tangi lake bila kujua kwamba lina shinikizo atapuliziwa mvuke wa petroli usoni.

Jambo la tabaka nalo linastahili maelezo, maana ndilo linalopuuzwa zaidi wakati wa kutengeneza. Polietilini peke yake haizuii petroli kikamilifu; molekuli za petroli hupenya polepole katikati ya molekuli za plastiki na kutokea upande wa pili zikiwa mvuke. Hapo zamani viwanda viliutibu uso wa ndani kwa gesi ya florini. Siku hizi tangi bora huwa na tabaka sita: polietilini mpya ndani, gundi, tabaka jembamba sana la kizuizi liitwalo EVOH, gundi tena, plastiki iliyosagwa upya kutoka kwenye mabaki ya kiwanda, na nje kabisa polietilini iliyotiwa masizi ya kaboni ili jua lisiiharibu. Tabaka la kizuizi ni asilimia chache tu za unene wote, lakini kazi yote ya kuzuia mvuke iko juu yake. Anayetoboa tangi hilo na kulibandika kipande cha dumu ameacha dirisha wazi kwenye kizuizi hicho, hata kama tone halionekani.

Sasa niseme kuhusu vipimo, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kutenganisha maneno na ushahidi. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia moto katika magari ina kiambatisho kizima cha matangi ya plastiki. Tangi hujazwa mchanganyiko wa maji na glikoli, likapozwa hadi nyuzijoto 40 chini ya sifuri, kisha likapigwa na pendulamu (uzito unaobembea) ya kilo 15 yenye kichwa cha chuma cha umbo la piramidi, kwa nishati isiyopungua jouli 30, wala halitakiwi kuvuja. Kwa kipimo kingine hujazwa maji ya nyuzijoto 53 na kutiwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi yake, lisilopungua kilopaskali 30, kwa saa 5. Huwekwa saa 1 katika joto la nyuzi 95 likiwa na maji hadi nusu. Hupimwa mvuke unaopenya kwa siku likiwa katika nyuzijoto 40, na wastani usizidi gramu 20. Mwisho huwekwa juu ya moto wa mafuta kwa dakika 2, nalo halitakiwi kumwaga mafuta yaliyomo.

Kipimo hicho cha moto huwashangaza watu, kwa kuwa polietilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 130 na petroli inayowaka ina joto la mamia ya nyuzi. Jibu ni kwamba ukuta mnene wa plastiki hupitisha joto polepole, na mafuta yaliyo ndani hulivuta joto hilo kutoka kwenye ukuta, kwa hiyo sehemu iliyo chini ya usawa wa mafuta hudumu kuliko mtu angedhani. Sehemu ya juu isiyo na mafuta ndiyo hulegea kwanza. Kwa hiyo dakika 2 hizo ni muda wa kuwatoa watu garini. Tangi la plastiki likizidiwa hulegea, likatoboka na kumwaga. La chuma lililozibika hewa linaweza kujenga shinikizo na kupasuka kwa kishindo. Yote mawili ni mabaya, lakini mtu anayesema plastiki huwaka mara tu moto unapoigusa hajaona kipimo kikifanyika.

Hata hivyo kanuni hiyo iliandikwa kwa kuwaza barabara za Ulaya na baridi ya Ulaya, na hapa ndipo wahandisi wetu wanapopaswa kuongeza sauti yao. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hupimwa kwa sababu plastiki katika baridi kali huwa kama kioo na kupasuka. Kwetu Dodoma, Garissa au Tabora hatari ni kinyume chake: lami iliyopigwa na jua mchana kutwa, eksosi ya moto iliyo karibu, na mafuta yaliyopashwa joto hadi mvuke ukajaa. Katika joto hilo plastiki haipasuki kwa urahisi, lakini hulegea, hutobolewa na kitu chenye ncha kwa nguvu ndogo zaidi, na hupinda polepole chini ya uzito wa mafuta yake yenyewe ikiwa mikanda inayolishika tangi imelegea. Upenyaji wa mvuke nao hupanda haraka kadiri joto linavyopanda.

Halafu kuna mawe. Jouli 30 za pendulamu ni sawa na kilo 15 zinazoanguka kutoka kimo cha sentimita 20 hivi. Jiwe la nusu kilo lililolala katika barabara ya changarawe, likigongwa na tumbo la gari liendalo kilomita 80 kwa saa, linaweza kubeba zaidi ya jouli 120 kama pigo lote lingekuwa la uso kwa uso. Kwa kawaida pigo huwa la mshazari na sehemu ndogo tu ya nishati hiyo huingia katika tangi, lakini tofauti ya tarakimu hizo inatosha kueleza kwa nini gari lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya Nagoya, Japani, linahitaji bamba la kinga chini ya tangi linapokwenda kufanya kazi Mpanda. Bamba hilo lisigusane na tangi. Liache nafasi ya kubonyea bila kulifikia, liwe na matundu ya kutolea tope na changarawe, maana mchanga ulionaswa kati ya bamba na plastiki husugua ukuta usiku na mchana mpaka ukaisha. Nimeona matangi yaliyolika hivyo, na mwenye gari akailaumu plastiki wakati kosa lilikuwa la bamba.

Nilisema nitarudi kwenye suala la mahali pa kufunga tangi. Ford Pinto, gari dogo lililoanza kuuzwa Marekani kama modeli ya 1971, lilikuwa na tangi la chuma lililokaa kati ya ekseli ya nyuma na bampa. Likigongwa nyuma, tangi lilisukumwa mbele hadi likatobolewa na boliti za difu (sanduku la gia la ekseli ya nyuma), na bomba la kujazia likachomoka. Watu waliungua. Mwaka 1978 kampuni iliitisha magari karibu milioni 1.5 ya Pinto na ndugu yake Mercury Bobcat, na matengenezo yenyewe yalikuwa bomba refu zaidi la kujazia pamoja na ngao za polietilini zilizowekwa kati ya tangi na difu. Plastiki ililetwa kulilinda chuma. Miongo mitatu na ushei baadaye, mwaka 2013, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliitaka Chrysler iitishe Jeep milioni 2.7 za Grand Cherokee na Liberty, ambazo matangi yake nayo yalikaa nyuma ya ekseli. Safari hii matangi yalikuwa ya plastiki. Kampuni ilikataa kwanza, kisha ikakubali kuitisha magari milioni 1.56 na kuyafungia ndoano ya kuvutia trela ili ipunguze pigo. Chuma nyuma ya ekseli kiliua, plastiki nyuma ya ekseli iliua. Kwa hiyo mtu anayebishana juu ya bati na plastiki bila kutazama tangi limekaa wapi ameliacha swali kubwa na kushika dogo.

Ndiyo maana kanuni ya Marekani namba 301 hailipimi tangi peke yake bali gari zima. Gari hugongwa nyuma kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa na pigo lisilokaa katikati, na mafuta yanayovuja tangu pigo hadi gari lisimame hayatakiwi kuzidi gramu 28, wala gramu 142 katika dakika 5 zinazofuata. Fundi anayelisogeza tangi, anayeongeza tangi la pili chini ya buti ili gari lifike mbali bila kujaza, au anayelihamisha ili apate nafasi ya mtungi wa gesi, anafuta matokeo ya jaribio hilo lote kwa spana yake.

Sasa gereji. Nawaheshimu mafundi wetu, ambao mara nyingi hufufua magari kwa vifaa ambavyo wenzao wa ng'ambo wasingevigusa, na kwa sababu hiyo nasema nao waziwazi. Sabuni ya mche iliyokandamizwa kwenye ufa husaidia gari lifike mahali salama, basi. Isiachwe hapo wiki mbili. Gundi za kawaida hazishiki polietilini, hata zile zinazouzwa kwa sifa ya kushika chuma, kwa kuwa uso wa plastiki hiyo hauna kitu cha kemikali cha kuikamata gundi. Inaonekana imeshika, kisha tangi likipata joto inabanduka kama gamba. Kuchomelea kwa hewa ya moto kunawezekana kwa plastiki mpya, lakini ukuta uliokaa na petroli kwa miaka umeinywa na kuvimba kidogo, na kiungo chake hubaki dhaifu na chenye vitundu. Na kipande cha dumu si plastiki ileile: molekuli zake ni fupi zaidi, huyeyuka na kutiririka mapema, na haziungani vyema na zile za tangi.

La hatari zaidi ni kupeleka mwali au upanga wa msumeno uliopashwa moto kwenye tangi linaloitwa tupu. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na tangi lililomwagwa mafuta jana bado lina mvuke wa kutosha, kwa sababu mvuke huo ni mzito kuliko hewa na haupandi ukaondoka, na kwa sababu ukuta wa plastiki unaendelea kuutoa mvuke ulioinywa hata baada ya kuoshwa. Tangi lililojaa petroli lina mvuke mzito mno kuwaka ndani. Lililotupu ndilo linaloua. Tena, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, chaji tuli (umeme unaokaa juu ya kitu na kuweza kuruka kama cheche) inaweza kujikusanya petroli inapotiririka; magari ya kiwandani huunganisha mdomo wa kujazia na bodi kwa waya ili chaji hiyo iondoke, na fundi anayefunga bomba jipya la kujazia asiuache waya huo ukining'inia. Anayejaza petroli kwenye dumu naye aliweke chini ardhini kwanza, asilijazie juu ya kapeti ya buti au kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu.

Kuna pia vitu vinavyotupwa kwa sababu ya kelele. Ngao ya bati jembamba la alumini iliyo kati ya eksosi na tangi ikianza kugongana, fundi huing'oa na mwenye gari hushukuru kwa ukimya. Ngao hiyo ndiyo inayoizuia eksosi isilichome tangi upande mmoja. Raba zilizo kati ya mikanda ya chuma na tangi nazo zikitoka, mkanda hukata plastiki kidogokidogo kila gari linaporuka tuta. Kabla ya kulaumu kiwanda, mwenye gari aulize kama ngao, mikanda na raba za gari lake bado zipo.

Umri nao una sehemu yake. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Tanzania hupokea yenye umri zaidi ya huo na kuyatoza ushuru wa ziada. Sidai kwamba tangi hufa kwa tarehe. Lililofungwa vizuri na kukingwa jua hudumu muda wote wa gari. Lakini lililokuwa na mkazo kwenye mshono tangu kiwandani huonyesha nyufa za nywele baada ya miaka, mara nyingi upande wa juu usioonekana mpaka lishushwe, na harufu ya petroli ndani ya gari baada ya kujaza hadi juu ndiyo dalili ya kwanza. Watu huizoea harufu hiyo. Isizoewe.

Ninachoomba kwa Shirika la Viwango Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda ni kwamba ukaguzi wa magari yaliyotumika utamke tangi kwa jina: hali ya mshono, mikanda, ngao ya joto, waya wa ardhi, na alama yoyote ya kubandikwa. Na matangi ya spea yanayoingizwa yakiwa mapya, yale yasiyo na alama ya kiwanda cha gari, yaje na matokeo ya vipimo vya Kanuni namba 34, kwa sababu hakuna muuzaji wa Kariakoo wala mnunuzi wake anayeweza kujua kwa macho kama ndani kuna tabaka sita au moja. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunakagua taa, matairi na breki, nami sioni sababu ya tumbo la gari kuachwa.

Kwa vyuo vyetu ombi langu ni la kazi ya mikono. Pendulamu ya kilo 15 yenye mkono wa mita 1 na kichwa cha piramidi inaweza kuundwa katika karakana yoyote yenye mashine ya kuchonga chuma, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au ya chuo cha VETA. Jokofu la nyuzi 40 chini ya sifuri ni ghali, lakini sisi tunahitaji zaidi kipimo cha joto, na maji ya nyuzi 53 hayahitaji zaidi ya jiko na kipimajoto. Wanafunzi wachukue matangi kutoka kwenye magari yaliyopata ajali, ya asili, ya bandia na yaliyobandikwa, wayapige yakiwa ya moto, wayakate na kupima unene wa kona zake, kisha matokeo yachapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa mlangoni mwa kila gereji. Mhadhiri atakayelianzisha akihitaji michoro ya pendulamu hiyo, niko tayari kumchorea bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mitambo,
Morogoro